Taa ya Tairi la Kushoto

Mtoto niliyeambiwa amezikwa Bondo alinivuta sketi nikipita na trei, akaniomba maji.

Ndiyo. Umesoma vizuri.

Tulikuwa angani kati ya Nairobi na Kisumu, mwaka wa sabini na nne. Mimi nilikuwa mhudumu wa ndege, kofia ya buluu kichwani na viatu vinavyobana vidole. Yeye alikuwa kiti cha dirishani upande wa kushoto, juu kabisa ya bawa, miguu yake haifiki chini.

"Auntie, naomba maji."

Nikainama nimpe. Hapo ndipo nikaiona shingo yake.

Chini ya sikio kulikuwa na kovu. Kovu la uji wa moto uliomwagika akiwa bado ananyonya, nyumbani kwetu Kaloleni, pale Kisumu. Mimi ndiye niliyelipaka dawa kila asubuhi mpaka likafunga. Kovu lile ningelijua hata gizani, kwa kidole tu.

Nikampa maji.

"Unaitwa nani, mrembo?"

"Lornah Awuor."

Lornah nililichagua mimi. Awuor lilikuwa jina la nyanyake babake.

"Na huyu uliye naye ni nani?"

Akanishangaa, kama mtu ameulizwa jua ni nini.

"Ni mama."

Mwanamke aliyekaa kando yake akanitabasamia. Mrembo, amevaa kitenge kipya, mkono wake umelala kwenye goti la mtoto.

"Msamehe, dada," akaniambia. "Huyu akipanda kitu chochote kinachotembea, kiu inamshika."

Mimi nikatabasamu pia. Sijui nilitabasamu na uso wa nani.

Ngoja niwaeleze, ili tusiachane njiani.

Naitwa Nasambu. Mimi ni Mbukusu, lakini Kisumu ndiko nilikokulia, baba yangu alikuwa anafanya kazi ya reli. Nikaolewa na Mjaluo mmoja wa Bondo, Dalmas, mwalimu aliyejua kuongea mpaka unasahau swali lako. Tukapata Lornah.

Lornah alipoanza tu kusimama kwa kushika viti, homa ya matumbo ikanikamata vibaya. Nikapasuliwa tumbo. Nikalazwa muda mrefu sana, nikawa mfupa na macho.

Siku moja Dalmas akaja hospitalini, akakaa kitandani, akanishika mkono.

"Nasambu, jikaze. Surua imemchukua mtoto."

Wakati huo nilikuwa siwezi hata kukaa. Nikamwambia wasizike bila mimi. Akaniambia wameshazika.

Nilipotoka hospitalini alinipeleka Bondo. Wazazi wake walikuwa wameshafariki na boma lilibaki nyumba moja iliyofungwa. Nyuma ya nyumba, karibu na ua wa minyaa, kulikuwa na tuta la udongo na msalaba wa mbao. Hakuna jina. Alisema fundi bado hajaliandika.

Nikalala juu ya ule udongo mpaka jirani mmoja akaja kuninyanyua.

Kabla mwezi haujaisha Dalmas akaniambia hivi: "Kilichokuwa kinatufunga kimeondoka. Rudi kwenu upumzike."

Nikarudi kwetu. Sikugombana. Mtu aliyepoteza mtoto hana nguvu ya kugombania mume.

Baadaye nikasikia ameoa kanisani, binti wa mzee mmoja mwenye mashamba ya miwa Muhoroni. Nikasema sawa. Nikatafuta kazi itakayoniweka mbali na ardhi ya Bondo kadiri inavyowezekana, na hakuna kazi iliyo mbali na ardhi kuliko ile niliyoipata.

Sasa rudini na mimi ndani ya ndege.

Nilijificha jikoni, pale mbele nyuma ya pazia, nikashika kuta mbili kwa mikono miwili. Mwenzangu Kageha alikuwa nyuma ya ndege anakusanya vikombe. Nilikuwa nataka kurudi pale kwenye kiti nimshike yule mwanamke kwenye nywele nimuulize mtoto wangu alimtoa wapi.

Naapa nilikuwa nimeshapiga hatua.

Kengele ya rubani ikalia.

Kengele ya kawaida inalia mara moja. Hii ililia, ikalia tena, ikalia tena.

Nikaingia chumba cha marubani. Kapteni Shitanda hakugeuka. Alikuwa mtu wa Kakamega, mpole, wa kukuuliza habari za nyumbani kabla hata hajawasha injini. Siku hiyo hakuuliza kitu.

"Funga mlango, Nasambu."

Nikafunga.

Mbele yetu nililiona ziwa lote, limenyooka kama bati. Kisumu ilikuwa pale karibu kabisa. Na kwenye dashibodi kulikuwa na taa tatu ndogo. Mbili za kijani. Moja nyekundu.

"Tairi la kushoto," akasema. "Taa inakataa kugeuka kijani."

"Labda ni balbu, Kapteni."

"Tumebadilisha balbu. Sio balbu."

Rubani msaidizi, kijana aliyeitwa Wakhisi, alikuwa na kitabu cha maagizo mapajani, anasoma kwa sauti ya chini. Walipandisha matairi. Wakashusha tena. Nikasikia mngurumo chini ya miguu yangu, kisha kishindo.

Kijani. Kijani. Nyekundu.

"Kwani halijashuka?" nikauliza.

"Limeshuka. Shida ni kujua kama limejifunga. Mguu wa tairi ukishuka bila kujifunga, unasimama vizuri tu ukiwa hewani. Ukigusa ardhi na uzito wote huu, unakunjika."

"Na ukikunjika?"

Akasema, "Nairobi kuna magari ya zimamoto mengi, ningependa kurudi. Lakini angalia kule."

Nikaangalia upande wa milima ya Nandi. Wingu lilikuwa limesimama pale jeusi kutoka ardhini mpaka juu, linamulika kwa ndani. Watu wa Kisumu mnalijua wingu lile la alasiri.

"Siwezi kuvuka ile nikiwa na matairi nje," akasema. "Tutazunguka juu ya ziwa tuchome mafuta, halafu tutatua hapa. Watayarishe watu. Vizuri, polepole. Na wale walio karibu na bawa la kushoto, wahamishe ukipata nafasi."

Karibu na bawa la kushoto.

Mnajua nani alikuwa amekaa pale.

Wakhisi akatoka na mimi, tochi mkononi. Ndege ile ilikuwa na kidirisha kidogo sakafuni, chini ya zulia, katikati ya njia. Ukichungulia unaona mguu wa tairi, na kuna alama za rangi; zikikutana mstari mmoja basi umejifunga. Na kidirisha chenyewe kilikuwa wapi? Kando ya kiti cha yule mwanamke.

Wakhisi akapiga magoti, akafunua zulia. Abiria wote wakanyamaza kwa wakati mmoja. Usipime kimya cha ndege iliyojaa watu.

Lornah akainama juu ya mapaja ya mamake kuangalia.

"Umepoteza nini?" akamuuliza Wakhisi.

"Natafuta rangi."

"Rangi gani?"

Wakhisi akafuta kioo kwa kitambaa, akamulika, akafuta tena. Akanitazama, akatikisa kichwa kidogo. Kioo kwa nje kilikuwa kimejaa matope na grisi. Hakuna kilichoonekana.

Mwanamke mmoja nyuma akaanza kuomba kwa Kijaluo. Mwingine akamfuata. Mzee mmoja mwenye koti la sufu akasimama na kuanza kushusha kapu lake kutoka juu, kana kwamba anashuka stendi.

"Mzee, kaa chini tafadhali," nikamwambia.

"Binti yangu, tunakufa?"

"Tunatua, Mzee. Kaa nikufunge mkanda."

Kapteni akazungumza kwenye spika. Akawaambia ukweli wote, kwa Kiswahili na Kiingereza, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Baadaye tukapita chini sana karibu na mnara wa uwanja ili walio mnarani watutazame. Wakasema matairi yote yanaonekana yako nje. Zaidi ya hapo hawawezi kusema.

Tukapanda tena. Tukaanza kuzunguka.

Tulizunguka juu ya ziwa lile, wasomaji wangu, mpaka leo sijui kulikwisha vipi. Kendu Bay inapita dirishani, Asembo inapita, halafu Kendu Bay tena. Chini mashua zilikuwa zinavua kama kawaida. Watu walitapika. Watu waliungama dhambi kwa majirani wasiowajua.

Mimi nilikuwa natembea kiti hadi kiti, nawafundisha kuinama, kichwa magotini, mikono juu ya kichwa. Vueni viatu vya visigino. Toeni miwani na kalamu mifukoni. Mlango wenu ni ule. Kila nikimaliza kiti kimoja namsogelea mwanangu.

Nikafika.

"Inama hivi," nikamwambia mwanamke. Sauti yangu ilitoka baridi, nilijisikia mwenyewe. "Mtoto umkunje hivi. Mkono wako nyuma ya kichwa chake. Usiuachilie."

Alikuwa anafuata kila neno na macho yake. Akafanya vizuri. Bora kuliko watu wazima wote niliowafundisha.

Ng'ambo ya njia, upande wa kulia, yule mzee wa kapu alikuwa amesikia habari ya bawa. Akasema, "Nipeni mimi hicho kiti cha kushoto. Mtoto akae hapa kwangu."

Kiti kimoja tu. Hakuna kingine.

Mwanamke hakusita hata kidogo. "Mchukue, dada. Mimi nitakaa hapa na Mzee."

Nikanyoosha mikono nimchukue mwanangu.

Lornah akapiga kelele. Akamshika yule mwanamke shingoni kwa mikono na miguu, akajifungia pale. "Sitaki. Sitaki huyu. Mama, sitaki huyu."

Huyu ni mimi.

Nilisimama pale na mikono yangu mitupu. Mzee akatazama pembeni.

"Acha akae na mimi," mwanamke akasema taratibu. "Akiogopa atafungua mkanda anitafute."

Alikuwa amesema kweli. Hilo ndilo liliniuma zaidi.

Nikageuka kuondoka. Akanishika mkono.

"Dada, una watoto?"

Nikainama nikaukaza mkanda wake.

"Nisikilize. Jina langu ni Benta. Mume wangu anaitwa Dalmas, yuko hapo uwanjani anatungoja, tulikuwa Nairobi kwa dada yangu. Ikitokea mimi nimebaki na mtoto ametoka... huyu hana mtu mwingine. Mimi si mama yake wa kumzaa. Mama yake alikufa."

Nikachuchumaa kando ya kiti.

"Alikufaje?"

"Homa ya matumbo. Hakutoka hospitali. Kabla ya harusi yetu nilimwambia Dalmas anipeleke kaburini, nimwombe ruhusa ya kumlea mtoto wake. Nikampelekea maua. Naenda kila mwaka."

"Kaburi liko wapi?"

Aliniona ninauliza swali la ajabu kwa wakati ule, lakini alijibu.

"Bondo, nyuma ya nyumba yao. Karibu na minyaa. Lina msalaba wa mbao, hata jina hawajaandika."

Wasomaji, hapo ndipo ndege ilianguka kwangu. Ile nyingine ya kweli ilikuwa bado hewani.

Tuta moja la udongo. Mimi nililia pale juu ya mtoto wangu. Yeye aliweka maua pale kwa ajili yangu. Dalmas alikuwa ametuzika wote wawili kwenye shimo moja, kila mmoja kwa zamu yake. Kanisa lisingemfungisha ndoa na mke yuko hai, kwa hiyo nikafa. Na mimi nisingekubali kwenda bila mtoto, kwa hiyo mtoto akafa.

Na huyu mwanamke niliyetaka kumng'oa nywele... alikuwa ananipelekea maua.

Neno lilikuwa mdomoni. *Ni mimi.* Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

Nikamwangalia mtoto. Alikuwa amelaza shavu kwenye kifua cha Benta, anavuta uzi wa kitenge, ameanza kutulia. Nikamwangalia Benta, mkono wake uko nyuma ya kichwa cha mtoto kama nilivyomfundisha. Ule mkono nikiutetemesha sasa, nani atamshika mwanangu tukigonga chini? Mimi kazi yangu ilikuwa mlango. Nisipokuwa mlangoni, watu wote walio mbele wanaungua.

Nikameza neno.

"Nitamfikisha," nikamwambia. "Wewe mshike tu. Mshike sana."

"Asante, dada yangu. Unaitwa nani?"

Spika ikasema wahudumu wakae viti vyao.

Nikakimbilia mbele.

Kiti changu kilikuwa mbele kabisa, kinatazamana na abiria. Kwa hiyo niliwaona wote. Vichwa vimeinama safu kwa safu, kama watu wanatafuta sindano iliyoanguka. Kwenye safu ya bawa niliona utepe mwekundu wa nywele za Lornah na mkono wa Benta juu yake.

Sikuomba Mungu aniokoe mimi. Niliuombea ule mkono.

Kapteni aliligusisha tairi la kulia kwanza. Laini, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala kitandani. Tukawa tunakimbia kwenye lami na bawa la kushoto bado limeinuliwa. Nikasikia mtu anasema, "Tumefika, tumefika."

Polepole bawa likashuka. Tairi la kushoto likagusa.

Likashika.

Likashika... nikavuta pumzi.

Halafu nikasikia mlio kama bomba la chuma limevunjwa kwa goti, na upande wote wa kushoto ukazama. Bawa likakwangua lami. Cheche zikapita madirishani. Ndege ikageuka yenyewe, ikatoka barabarani, ikaruka kwenye nyasi na mifuko ikamwagika kutoka juu. Kitu kikanipiga begani. Tukazunguka nusu na tukasimama.

Kimya.

Kisha harufu ya mafuta.

"Tokeni," sauti ya Kapteni ikasema kutoka nyuma ya mlango wake. "Tokeni wote."

Nikafungua mlango wa mbele upande wa kulia. Mpira wa kutelezea ukajaa hewa, ukashuka. Nikaanza kuwasukuma. Ruka. Ruka. Acha mkoba. Ruka. Nyuma nilimsikia Kageha anafanya vilevile. Bawa la kushoto lilikuwa limelala kwenye nyasi na moshi mweusi ulikuwa unaingia kwa mipasuko.

Watu walipita, na kila uso niliusoma na kuuacha. Mzee wa koti la sufu akapita bila kapu. Yule mama wa maombi akapita, bado anaomba.

Lornah hakupita.

Mlango wangu haukuniruhusu kuondoka. Nisukume huyu. Nisukume yule. Watu wakapungua.

Halafu akatokea kwenye moshi, peke yake, kiatu kimoja hakipo, anakohoa.

"Mama amekwama," akasema.

Nikamkumbatia. Ndiyo mara ya kwanza kumshika tangu akiwa anasimama kwa kushika viti. Nilimshika kwa muda wa pumzi moja, nikanusa nywele zake, kisha nikamsukuma nje kwenye mpira na Wakhisi, aliyekuwa ameshashuka, akampokea chini.

Kapteni akatokea nyuma yangu. "Nasambu, shuka. Mafuta yanavuja."

"Kuna abiria mmoja."

"Shuka, ni amri."

Nitawaambia ukweli kwa sababu umri wangu hauniruhusu tena kujipamba. Kuna sauti ilizungumza ndani yangu pale. Ilisema mtoto ametoka. Ilisema mama ni mmoja. Ilisema shuka, umeamriwa, hakuna mtu atakayekuuliza kitu maisha yako yote.

Kisha nikamsikia Lornah kule chini kwenye nyasi anaita. "Mama. Mama." Hakuwa ananiita mimi.

Nikajifunga skafu puani, nikaingia kwenye moshi.

Nilitambaa. Nilihesabu viti kwa mikono. Benta alikuwa amelala upande, kiti cha mbele kimemwangukia mguuni.

"Mtoto?" akauliza.

"Ametoka. Yuko salama."

"Basi nenda. Nenda naye."

"Vuta mguu."

"Hautoki. Dada, nenda."

Nikaweka mgongo wangu kwenye kile kiti, nikasukuma kwa miguu. Kovu la tumbo langu lilihisi kama linafunguka upya. Mara mikono mingine ikaja kando ya yangu, mikono yenye mistari ya dhahabu kwenye mikunjo. Kapteni Shitanda, aliyekuwa ameniamuru nishuke. Tukasukuma pamoja, kiti kikainuka, Benta akavuta mguu na ngozi ikabaki pale.

Tukamburuta mpaka mlangoni. Tukaanguka kwenye nyasi watatu kama magunia.

Mvua ya Nandi ilikuwa imefika. Gari la zimamoto lilikuwa linamwagia bawa povu. Hakufa mtu siku ile. Wengi walivunjika, mzee mmoja alipoteza meno, lakini hakufa mtu.

Benta alikuwa amekaa kwenye maji ya mvua, Lornah mapajani, anamgusa kila mahali kuona kama amekamilika. Alipomaliza akaniangalia.

"Hukuniambia jina lako."

"Naitwa Nasambu."

Aliendelea kunitazama. Nikaona jina likitembea ndani yake likitafuta mahali pa kukaa.

"Nasambu ni marehemu," akasema.

"Nasambu ndiye amekutoa kwenye moshi."

Nikapiga magoti, nikanyoosha kidole, nikagusa lile kovu chini ya sikio la mtoto.

"Ni la uji," nikamwambia. "Alikuwa bado ananyonya. Mimi niliambiwa ni yeye aliyezikwa pale kwenye minyaa. Surua."

Mvua ilimtiririka Benta usoni. Akaangalia kovu, akaniangalia mimi, akaliangalia tena. Mtu mwingine angebisha. Yeye alikuwa amemwogesha mtoto yule kila siku, na kila siku alijiuliza kovu lile lilitoka wapi, na kila alipomuuliza Dalmas, Dalmas alibadilisha mazungumzo.

Ndipo tukamwona anakuja mbio kutoka kwenye ua wa uwanja, suti imelowa, askari anamkimbiza nyuma.

"Benta. Lornah. Asante Mungu, asante..."

Akafika. Akaniona.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Dalmas," Benta akasema, kwa sauti ya chini kabisa. "Nani yuko kwenye lile kaburi?"

Dalmas, yule wa kuongea mpaka unasahau swali lako. Alifungua mdomo. Akaufunga. Akaangalia ndege, akaangalia mvua, akaangalia mikono yake.

Askari akamfikia, akamshika bega na kumrudisha kwenye ua. Alikwenda kama mtu aliyeshukuru kukamatwa.

Nduguze Benta walikwenda Bondo wiki ile na majembe, pamoja na chifu. Hakukuwa na mtu. Ulikuwa udongo uliochimbwa kwenye shimo la choo. Mtoto mwenyewe alikuwa amefichwa kwa jamaa wa Dalmas mpaka niliporudi kwetu.

Najua mnangoja niwaambie nilimchukua mwanangu tukaenda nyumbani tukafurahi. Haikuwa hivyo.

Chifu alisema mtoto ni wangu. Nikamchukua. Usiku wa kwanza alilia mpaka akapoteza sauti, akimwita Benta. Wa pili pia. Alikuwa hali. Nilimpikia kila kitu na alikisukuma kando kwa adabu, kama mgeni.

Mwishoni nikamfunga mgongoni, mtoto mkubwa vile, nikatembea naye mpaka kwa wazazi wa Benta alikokuwa amerudi na mguu wake umefungwa. Nikabisha mlango.

"Sijaja kumrudisha," nikamwambia. "Nimekuja kuomba. Wewe unajua anakula nini."

Benta akasogea kidogo kwenye benchi, akaniachia nafasi.

Tukapanga nyumba moja Kisumu, wanawake wawili. Majirani walisema mengi. Nilipokuwa kazini angani, Benta alikuwa nyumbani. Hakurudi kwa Dalmas, ingawa mzee wake alimsihi. Dalmas alihamia Tanzania na huko nasikia aliongea vizuri pia.

Lornah alinizoea kama mtu anavyozoea baridi ya maji, kidole kwanza. Kwa muda mrefu niliitwa "yule auntie." Siku moja tulikuwa soko la Katito, amesimama mbele ya mwanamke anayeuza ndizi, na bila hata kugeuka akasema, "Mama, hizi ndogo ndiyo tamu." Benta hakuwepo siku hiyo. Alikuwa anasema na mimi.

Nilinunua mkungu mzima. Tulikula ndizi mpaka zikatuchosha.

Sasa mtaniuliza funzo ni nini.

Dada zangu, kaka zangu, yule unayemchukia bila kumjua, kabla hujamshika nywele, muulize kwanza yeye aliambiwa nini. Mtu mmoja anaweza kusimama katikati ya watu wawili akawaonyesha udongo uleule, na kila mmoja akalia machozi ya kweli. Na habari ya kukuvunja moyo ikija kutoka kwa mtu ambaye inamfaa wewe uondoke, usiondoke. Uliza kwa jirani. Uliza kwa chifu. Chimba.

Nimesoma hii yote kwa sauti kabla ya kuwawekea. Benta amekaa hapa kando, miwani imeshuka puani, na anasema nimedanganya sehemu moja tu. Anasema ile siku ya mvua alishajua mimi ni mama wa mtoto kabla sijamgusa shingoni, tangu nilipomwambia amshike sana. Anasema hakuna mhudumu wa ndege anayesema hivyo kuhusu mtoto wa mwingine. Jina aliliuliza ili nilitaje mwenyewe.

Kumbe alijua ananirudishia mtoto wangu, aliponiambia niende nimwache kwenye moshi.

Miaka yote hii hakuwahi kuniambia. Ameniambia leo.